MAKAA YA MSHUMAA

Neno kandili, ambalo askari wa lindo hulijua vyema, huaminika kuwa na udugu wa mbali na jina la makaa ya mawe yaliyokuwa mashuhuri huko Uingereza: keneli, yaani makaa ya mshumaa. Makaa hayo yana gesi nyingi. Huwaka upesi na kutoa mwali mrefu, mwangavu. Katika karne ya 19 viwanda vya gesi viliyathamini mno kwa ajili ya taa za mijini.

Mwaka 1850 James Young alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kutoa parafini katika makaa ya jamii hiyo, na mwaka uliofuata kiwanda chake kikaanza kazi huko Bathgate, Scotland. Tamaa ikafuata. Mwaka 1853 mwenye ardhi ya Torbanehill alimshtaki mchimbaji, akidai kuwa mkataba uliruhusu makaa, na kilichochimbwa si makaa! Mabingwa wa sayansi walipingana hadharani mahakamani, mchimbaji akashinda.

Baadaye yakaja mafuta ya visima vya Marekani. Kisha, mwaka 1885, Carl Auer wa Austria alibuni kifuko cha nyuzi mfano wa kile cha karabai, king'aacho kwa joto tu. Mwali mwangavu haukuhitajika tena. Gesi ya makaa ya kawaida ikatosha.