Maneno ya kuazima: somo dogo kwa Kidato cha Kwanza



Mtoto wa Ngara huanza na Kihangaza au Kishubi nyumbani, wa Biharamulo Kisubi au Kisukuma. Shule ya msingi husoma kwa Kiswahili. Akiingia Kidato cha Kwanza, anakuta masomo karibu yote ni ya Kiingereza. Wengi hunyamaza darasani hata kama jibu wanalo, kwa kuogopa kuchekwa.

Ndiyo maana, katika vipindi vya ziada tunavyovisaidia, tumewaomba walimu waonyeshe kwamba Kiingereza nacho kimeazima. Mwalimu huandika ubaoni "mosquito". Kihispania "mosca" ni inzi, na "mosquito" ni inzi mdogo. Mwanafunzi aliyelala ndani ya chandarua jana halisahau neno hilo. Kisha huja mazao ya shambani. Wahispania walipofika visiwa vya Karibi, kuanzia 1492, waliyakuta mahindi pamoja na jina lake, wakaliandika "maíz". Waingereza wakapata "maize". Sisi tuliyahusisha na India, tukayaita mahindi. "Potato" nayo imetoka kwenye "batata", ambayo kwa watu wa visiwa hivyo ilikuwa kiazi kitamu. Jina likahamia kwenye kiazi mviringo!

Hapo mwalimu hurudi nyumbani. Wareno, majirani wa Wahispania, walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na kwao tumepata meza, bendera, leso na mvinyo. Linaloshangaza zaidi ni gereza, kutoka "igreja", yaani kanisa. Ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza hadi leo. Tulipolisema hili mbele ya wazee wa usharika mmoja, walicheka kwanza, halafu wakanyamaza.

Somo hili halichukui nafasi ya sarufi. Tena linaharibika upesi: katika shule moja wanafunzi walipewa orodha ya maneno arobaini wakariri, na hofu ikarudi ile ile. Maneno matano kwa kipindi yanatosha.

Kinachokosekana ni kamusi. Zile ndogo za mfukoni hazionyeshi asili ya neno. Zinahitajika kubwa, na moja kwa kila shule ingetosha, hata iliyokwisha kutumika. Kamati yenye kamusi ya namna hiyo tunaomba imkabidhi mwalimu wa Kiingereza wa shule ya kata iliyo jirani, kabla Kidato cha Kwanza hawajaanza muhula.