Bima na Moto Chini ya Paa Moja: Kamishna Anayepigiwa Kura Georgia

Katika barabara ya Peachtree, katikati ya jiji la Atlanta, kuna jengo la ghorofa 15 lililofunguliwa mwaka 1913 kama hoteli. Liliitwa Winecoff. Wenyewe walilitangaza, hata kwenye karatasi zao za barua, kuwa ni jengo lisiloungua kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Desemba 1946 moto ulizuka kwenye korido ya ghorofa ya tatu, ukapanda kwa ngazi. Ngazi yenyewe ilikuwa moja tu, tena wazi, haina milango ya kuuzuia moshi. Nje hapakuwa na ngazi za dharura, darini hapakuwa na vinyunyizio vya maji, wala hapakuwa na king'ora cha kuwaamsha wageni. Juu ya milango ya vyumba palikuwa na vidirisha vya kupitisha hewa, na moshi ukaingilia humo humo. Watu walifunga shuka kwa shuka wateremke kupitia madirishani, wengine wakaruka. Ngazi za magari ya zimamoto hazikufika ghorofa za juu.

Walikufa watu 119. Miongoni mwao alikuwamo mzee Winecoff mwenyewe, aliyeijenga hoteli hiyo na kuishi ndani yake, na wanafunzi 30 wa sekondari waliokuja mjini kwa mkutano wa vijana. Hadi leo hakuna moto wa hoteli uliowahi kuua watu wengi kiasi hicho nchini Marekani. Jengo lenyewe halikuanguka. Tangazo lilikuwa kweli kuhusu chuma na matofali, likawa uongo kuhusu binadamu waliolala ndani.

Mwaka 1949 bunge la jimbo la Georgia lilipitisha sheria ya usalama wa moto, na kazi ya kuisimamia ikakabidhiwa ofisi ile ile iliyokuwa ikisimamia kampuni za bima. Ndivyo kilivyozaliwa cheo ambacho wageni wengi hukishangaa wakikiona kwenye karatasi ya kura: Kamishna wa Bima na Usalama wa Moto. Wananchi humchagua kila baada ya miaka minne, katika uchaguzi mmoja na wa gavana. Makala haya yanaeleza kazi yake, sababu ya bima na moto kuwekwa mikononi mwa mtu mmoja, na kama kura inatosha kumfanya awe mwaminifu.

Kwanza, kwa nini jimbo na si serikali kuu ya Washington? Jibu nalo linapitia Atlanta. Mjini humo palikuwa na makao ya umoja wa kampuni za bima ya moto uliotawala soko la majimbo sita ya kusini na kupanga bei kwa pamoja. Serikali kuu iliushtaki, na mwaka 1944 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba bima ni biashara inayovuka mipaka ya majimbo, hivyo inaweza kuguswa na sheria za taifa dhidi ya njama za bei. Majimbo na kampuni zikaingiwa na hofu kwamba mfumo wote wa usimamizi utavurugika. Mwaka 1945 bunge la taifa likapitisha sheria ya McCarran-Ferguson, iliyosema usimamizi wa bima ubaki majimboni. Kwa hiyo kampuni inayouza bima nchi nzima hujibu kwa msimamizi wa kila jimbo inamofanya biashara. Katika majimbo mengi msimamizi huyo huteuliwa. Majimbo 11, Georgia ikiwa mojawapo, humpigia kura.

Tuje kwenye undugu wa bima na moto. Hesabu ndogo itatusaidia. Chukua nyumba 1,000, kila moja ikiwa na thamani ya dola 200,000. Tuseme kila mwaka huteketea mbili. Fidia ni dola 400,000, kwa hiyo kila mwenye nyumba lazima achangie angalau dola 400, bila kuhesabu mishahara na kodi ya ofisi. Sasa kampuni moja inataka kuvuta wateja, inatoza dola 300. Watu watakimbilia huko, na kabla ya moto wa kwanza kila mtu atafurahi. Zikiungua nyumba mbili, mfuko una upungufu wa dola 100,000, na mwenye nyumba ya pili atapewa nusu ya fidia yake, na maneno matamu badala ya nusu iliyobaki.

Ndiyo maana sheria za bima za Marekani hutaka bei itimize masharti matatu: isiwe kubwa kupita kiasi, isiwe ndogo isiyotosha kulipa madai, na isibague watu bila sababu ya haki. Sharti la pili ndilo linalosahaulika. Mteja huona msimamizi amelala kila bei inapopanda, lakini bei iliyo chini mno nayo ni hatari, kwa kuwa bima ni ahadi inayouzwa leo na kulipwa siku ya msiba. Kamishna hukagua vitabu vya kampuni ili ajue kama fedha za kutimiza ahadi zipo. Hutoa leseni kwa kampuni na mawakala, na huifuta leseni ya wakala anayekula ada za wateja bila kuzifikisha.

Rudi kwenye nyumba zetu 1,000. Ikiwa ukaguzi, milango inayozuia moshi na nyaya za umeme zilizofungwa vizuri zitapunguza nyumba zinazoungua kutoka mbili hadi moja, mchango wa lazima unashuka kutoka dola 400 hadi 200. Hakuna amri ya bei inayoweza kufanya hivyo bila kuifilisi kampuni. Hapo ndipo kazi mbili za ofisi hii zinapokutana: mkono mmoja unapunguza hasara, mwingine unahakikisha hasara iliyotokea inalipwa. Na faida kubwa haimo kwenye hesabu hiyo hata kidogo, kwa sababu hakuna fidia inayomrudisha mtoto aliyekufa kwa moshi.

Upande wa moto una wakaguzi wanaopitia ramani za majengo ya umma kabla hayajajengwa, wanaoingia shuleni, hospitalini na hotelini kupima upana wa njia za kutokea, na wapelelezi wanaochimbua majivu kutafuta kama moto uliwashwa kwa makusudi. Boila na lifti nazo ziko chini ya ofisi hiyo. Ni kazi isiyo na makofi. Mkaguzi akifanya vizuri, hakuna kinachotokea, na hakuna gazeti linaloandika habari ya hoteli ambayo haikuungua.

Mfano mmoja unaonyesha kazi hiyo inavyofika mahali asipopategemea mtu. Tarehe 7 Februari 2008, kiwanda cha sukari cha Port Wentworth, karibu na Savannah, kililipuka. Sukari tunaitia kwenye chai kila asubuhi bila woga. Lakini vumbi lake laini likitanda hewani ndani ya mahali palipofungwa na kupata cheche, huwaka kwa pamoja kama petroli. Mlipuko wa kwanza ulitokea ndani ya mkanda uliofunikwa wa kusafirishia sukari. Ukatikisa jengo, ukarusha vumbi lililokuwa limelala kwa muda mrefu sakafuni na juu ya vyuma, nalo likalipuka chumba hadi chumba. Wafanyakazi 14 walikufa na 36 wakajeruhiwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kufagia na kuzuia vumbi lisijilimbikize kungeokoa maisha hayo. Mwezi uliofuata, kamishna wa wakati huo, John Oxendine, alitoa kanuni za dharura kuhusu vumbi linaloweza kuwaka katika viwanda vya Georgia, wakati serikali kuu ilikuwa haina kanuni moja inayohusu vumbi hilo katika viwanda kwa ujumla. Mamlaka ya jimbo yalitembea haraka kuliko ya taifa, na hiyo ni hoja nzito ya kuwa na ofisi kama hii.

Upande wa bima, ofisi humfikia mtu wa kawaida kwa njia ya malalamiko. Mashariki mwa Atlanta kuna mji mdogo wa Clarkston, ambako wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi wamepewa makazi, na wasemaji wa Kiswahili si haba. Tuseme mama mmoja wa huko anaendesha gari kwenda kazini. Sheria ya Georgia inamlazimu awe na bima isiyopungua dola 25,000 kwa majeruhi mmoja, 50,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali ya mwingine. Ni ile ambayo Tanzania tunaiita bima ndogo: inamlipa uliyemgonga, gari lako mwenyewe hailigusi. Mama amenunua bima kubwa, inayolipia na gari lake, gari limegongwa, na kampuni imenyamaza wiki baada ya wiki.

Anaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna bila kulipa hata senti. Ofisi itaiandikia kampuni na kuitaka ijieleze kwa maandishi. Mara nyingi barua hiyo peke yake huamsha faili lililolala, kwa sababu anayeandika ndiye mwenye leseni ya kampuni mkononi. Ila mama ajue mipaka yake. Kamishna si hakimu: haamui nani alikuwa na kosa barabarani, wala hapangi thamani ya gari inapobishaniwa. Kwa hayo kuna mahakama, na sheria ya jimbo imeweka meno: kampuni ikidaiwa rasmi na ikapitisha siku 60 bila kulipa, na ikathibitika ilikataa kwa nia mbaya, inaweza kuamriwa kuongeza asilimia 50 ya deni au dola 5,000, yoyote iliyo kubwa, pamoja na ada ya wakili. Anayelalamika ashike nakala za kila barua, tarehe na jina la aliyezungumza naye. Haki nyingi hupotea kwa kukosa karatasi.

Sasa swali la kura. Hoja ya kumchagua kamishna ni nyepesi kueleweka. Aliyeteuliwa na gavana humtazama gavana. Aliyechaguliwa humtazama anayelipa ada ya bima. California ilifuata hoja hiyo Novemba 1988, wapiga kura walipopitisha pendekezo namba 103, lililotaka bei za bima ziidhinishwe kwanza na kamishna atoke kwenye sanduku la kura. Tanzania tumechukua njia nyingine: Kamishna wa Bima huteuliwa na Rais, na zimamoto ni jeshi lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

Lakini kampeni hugharimu fedha, na wenye hamu kubwa ya kumchangia mgombea wa nafasi hii ni wale wale atakaowasimamia. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa hulambwa kwa sababu. Kamishna Chuck Quackenbush wa California alijiuzulu mwaka 2000, bunge likikaribia kumshtaki, baada ya kubainika kwamba kampuni zilizotuhumiwa kuwapunja wahanga wa tetemeko la Northridge la 1994 ziliepuka faini kubwa kwa kuchangia mifuko iliyoanzishwa na ofisi yake. Kuna pia kishawishi cha upande wa pili: kuibana bei mwaka wa uchaguzi hata hesabu isipokubali, mpaka kampuni zifunge mlango kwa wateja.

Georgia nayo imeonja uchungu. Jim Beck alichaguliwa Novemba 2018. Mei 2019, miezi michache tu baada ya kuapishwa, alishtakiwa kwa kuiba zaidi ya dola milioni 2 alipokuwa meneja wa chama kinachowauzia bima watu waliokataliwa kwingine. Alitumia ankara za uongo, na wizi huo ulifanyika kabla ya uchaguzi, wapiga kura wasijue. Akasimamishwa, gavana akamteua John King kushika nafasi, na kwa muda wote wa kesi wananchi walilipa mishahara miwili kwa kiti kimoja. Julai 2021 Beck alitiwa hatiani kwa makosa yote 37, akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka saba. Na Oxendine, yule wa kanuni za vumbi, mwaka 2024 alikiri kula njama ya kuzilaghai bima za afya baada ya kutoka madarakani, akahukumiwa miaka mitatu na nusu.

Je, kura haina maana? Ina maana, ila ni kufuli moja kwenye mlango unaohitaji matatu. La kwanza ni kura. La pili ni vitabu vilivyo wazi: nani amemchangia mgombea na kiasi gani, kampuni gani imeongeza bei na kwa hesabu ipi. La tatu ni wakaguzi wenye taaluma ambao kazi zao haziyumbi kiongozi anapobadilika. Beck alinaswa na wapelelezi na mahakama. Sanduku la kura lilikuwa limempitisha. King alichaguliwa kwa kura mwaka 2022, kwa muhula wa miaka minne.

Kwa msomaji wa Kiswahili aliyekwisha kupata uraia na kuishi Georgia, ombi langu ni hili: ukishuka chini kwenye karatasi ya kura na kuikuta nafasi hiyo, usiiruke. Chunguza kwanza ni nani wamemchangia kila mgombea. Na siku utakayolala katika jengo refu, popote duniani, kabla ya kuzima taa tafuta ngazi ya pili iko wapi. Jengo la Winecoff bado limesimama pale Peachtree, na wageni wanalala humo tena. Sasa sheria inamtaka mwenye hoteli awe nayo ngazi hiyo.