Mbale Ziliachwa, Dhahabu Ikakamatwa

Kwa kanuni za vita zilizoandikwa mwaka 1909, mchimbaji wa Kalangalala, Geita, angeweza kupakia mbale zake, yaani mawe yenye dhahabu, kwenye meli ya nchi isiyo vitani, na manowari isingekuwa na haki ya kuzigusa. Lakini akishazisaga, akazichenjua kwenye mwalo wa wachimbaji na kuyeyusha dhahabu yake, dhahabu hiyohiyo ingeweza kukamatwa baharini kama magendo ya vita.

Kanuni hizo ni za Azimio la London, lililotiwa saini Februari 26, 1909. Liligawa bidhaa mafungu matatu. La kwanza ni silaha na risasi, ambazo zilikuwa magendo moja kwa moja. La pili ni vitu vinavyomfaa raia na askari vilevile: chakula, nguo, viatu, kuni na mafuta, noti, dhahabu na fedha za sarafu au za vipande. Hivi vilikamatwa pale tu vilipokuwa vinapelekwa kwa jeshi au serikali ya adui. Fungu la tatu halikuguswa: pamba ghafi, mbegu za mafuta, mbata, mpira, ngozi, pembe za ndovu na mbale za madini.

Tazama hilo fungu la tatu. Hilo ni sehemu kubwa ya kapu la mauzo ya koloni la Wajerumani lililokuwa hapa kwetu. Kwenye karatasi, mkulima wa pamba wa Usukuma alikuwa salama kuliko wote.

Ila azimio halikuridhiwa. Baraza la Malodi la Bunge la Uingereza liliukataa mswada wa kulitekeleza, na vita vilipoanza Agosti 1914 London ilitangaza kulifuata “kwa marekebisho”. Marekebisho yakalimeza. Miezi miwili haijapita, mpira na ngozi vilishahamishiwa kwenye vitu vya kukamatwa. Pamba ilichelewa hadi Agosti 1915, na si kwa huruma: Waingereza walijua tangu mwanzo kwamba pamba hutumika kutengeneza baruti, lakini waliogopa kuwaudhi wakulima wa kusini mwa Marekani. Mkulima mwenye serikali kubwa nyuma yake alisubiriwa mwaka mzima. Sidhani kama kuna aliyemuuliza wa Mwanza.

Wa Mwanza, hata hivyo, alikuwa ameumia kabla ya orodha kumfikia. Pamba yake ilivuka ziwa hadi Kisumu, ikapanda reli kwenda Mombasa. Vita vilipotangazwa, njia hiyo yote ikawa mali ya adui. Kisha, Machi 1, 1915, Waingereza waliifunga pwani nzima ya koloni hilo, na chini ya kizuizi cha namna hiyo hakuna tena cha kuuliza ni bidhaa gani. Mwezi uliofuata meli ya Kijerumani Rubens ilijaribu kupenya kwa bendera ya Denmark na jina la bandia, Kronborg, imebeba silaha. Manowari Hyacinth iliifukuza hadi ghuba ya Manza, karibu na Tanga. Ilipigwa mizinga, lakini Wajerumani waliopoa sehemu kubwa ya shehena yake.

Na dhahabu? Ile ya Sekenke, Iramba, ilipelekwa Tabora. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, ikafuliwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini.

Leo hakuna manowari inayoisubiri dhahabu ya Geita, ila kuna sheria. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya fedha ambayo kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zilizo kwenye masoko yake ya hisa zieleze kama dhahabu, bati, tantalamu na tungsteni zinazozitumia zinatoka Kongo au nchi zinazopakana nayo. Tanzania imo, kwa sababu ya mpaka wa Ziwa Tanganyika. Umoja wa Ulaya nao una kanuni yake inayowabana waagizaji tangu Januari 1, 2021.

Zamani aliyeikamata dhahabu aliuliza inakwenda kwa nani. Siku hizi anayeinunua anauliza imetoka wapi. Swali la sasa ni la haki zaidi, maana bunduki za mashariki ya Kongo zimelipiwa kwa madini, lakini ni gumu zaidi kwa mtu mdogo. Dhahabu ikishayeyushwa haina kabila. Ya duara la Geita na ya shimo linaloshikiliwa na waasi zikikaa kwenye mzani mmoja, jicho halizitofautishi. Kinachobaki ni karatasi, na ndiyo maana soko la dhahabu lililofunguliwa Geita Machi 2019 lina maana zaidi ya kukusanya mrabaha: mauzo yaliyoandikwa uzito, tarehe na mwuzaji ndiyo ushahidi wa pekee atakaokuwa nao mchimbaji.

Kwa hiyo anayekushawishi umuuzie gizani kwa bei ya juu kidogo, mwulize kwanza dhahabu yako itaandikwa imetoka wapi. Na Tume ya Madini ingefanya vyema kubandika masharti ya wanunuzi wa nje, kwa Kiswahili chepesi, kwenye kila mwalo.