Kengele Inayolia Puani

Kinga ya mtoto mchanga huonwa kuwa dhaifu kwa sababu bado ni changa. UVIKO-19 ilitia dosari dhana hiyo. Mwaka 2023 jarida la Cell lilichapisha utafiti wa Marekani uliofuatilia watoto wadogo wa Cincinnati kabla, wakati na baada ya maambukizi. Kwa watu wazima kingamwili hupanda kisha hushuka. Kwa watoto hao zilipanda na kubaki juu hadi siku 300. La kushangaza zaidi, damu yao haikujaa saitokini, zile protini za kengele ambazo zikizidi huumiza mapafu ya mgonjwa mzima. Kengele yao ililia puani, mlangoni kwenyewe, ambako interferoni, protini za kupambana na virusi, zilipatikana kwa wingi.

Atasema mtu kwamba watoto wana vipokezi vichache vya virusi puani, au kwamba walikingwa na kingamwili za mama. Hoja ya kwanza ina uzito, ila inaeleza namna virusi vinavyoingia tu. Hawa walikwisha kuambukizwa. Ya pili haitoshi, maana kinga ya mama hufifia kadiri miezi inavyopita, na hii ilidumu. Wala sisemi kila mchanga yu salama: wapo waliolazwa, na baadhi ya watoto walipatwa na uvimbe wa viungo vingi wiki kadhaa baada ya kuambukizwa. Kwa maoni yangu, faida kubwa iko kwenye chanjo: viongeza nguvu vinavyoiga mwitikio huo wa puani huenda vikarefusha kinga bila kuwasha mwili mzima.