Anza Kupanga Siku kwa Saa ya Kulala

Mtu akilalamika kwamba hana muda, ushauri anaopewa karibu kila mara ni kuamka mapema zaidi. Aweke kengele saa kumi alfajiri, aandike orodha ya kazi, afanye mazoezi, asome kidogo, na ikifika saa mbili asubuhi awe amewatangulia wenzake wote. Ushauri huo una sura ya bidii, ila hausemi lolote kuhusu saa ya kulala. Aliyezoea kulala saa sita usiku akiendelea kulala saa sita, muda alioupata alfajiri ameukata kwenye usingizi wake mwenyewe, na kwa maoni yangu hapo ndipo mipango mingi ya kuratibu maisha inapovunjikia. Siku hupangwa kuanzia usiku unaoitangulia: kwanza ijulikane saa ya kulala na ya kuamka, kisha kazi zipangwe katika muda unaobaki.

Hasara ya kukata usingizi haionekani kwa macho ya mwenye kuukata, na ndiyo maana watu wengi huamini wameuzoea. Mwaka 2003 Hans Van Dongen, David Dinges na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima wenye afya waliopangiwa saa nane, sita au nne za kulala kila usiku kwa siku 14. Umakini wa waliopewa saa sita ulishuka siku hadi siku, na kufikia mwisho walikuwa wakikosea katika majaribio kama mtu aliyekesha usiku mzima. La kushtua zaidi ni kwamba wao wenyewe hawakujihisi hivyo. Baada ya siku chache za mwanzo, uchovu waliousema haukuongezeka tena kwa kiasi cha kutisha, ilhali uwezo wao uliendelea kuporomoka. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kujitegemea kuwa shahidi wa hali yake. Mwenye duka anayepiga hesabu mara tatu kwa sababu hazikubaliani, mwalimu anayesahihisha daftari moja kwa muda wa madaftari mawili, dereva wa bodaboda anayechelewa kuziona taa za breki za gari lililo mbele: hao hawajaongeza saa yoyote katika siku yao, na huyo wa mwisho amehatarisha uhai wake na wa abiria.

Kuna jambo la pili, nalo huenda ni zito kuliko idadi ya saa: kulala na kuamka wakati uleule. Mwili una saa yake ya ndani, na Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017 kwa kufichua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi, wakitumia nzi wadogo wa matunda. Kwa binadamu wengi mzunguko wake huzidi saa 24 kidogo, kwa hiyo huhitaji kurekebishwa kila siku, na kinachoirekebisha hasa ni mwanga wa asubuhi. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana. Kwa mwaka mzima, wakati wa jua kuchomoza Dar es Salaam au Nairobi hautofautiani hata kwa saa nzima. Mwaka 2024 ulitolewa uchambuzi wa kumbukumbu za zaidi ya watu 60,000 nchini Uingereza waliovaa vifaa vya kupima usingizi mkononi. Ulionyesha kwamba ulalaji wa wakati maalumu ulihusiana na kuishi muda mrefu zaidi hata kuliko wingi wa saa za kulala ulivyohusiana nako. Uchambuzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba jambo moja ndilo lililosababisha jingine, kwani mgonjwa naye hulala ovyo. Lakini unaafikiana na yale yanayojulikana kuhusu saa ya mwili, na kujaribu kulala kwa wakati maalumu hakumgharimu mtu senti.

Wapo watakaosema babu zetu hawakulala saa nane na walilima. Hoja hiyo ina ushahidi wake. Uchunguzi wa mwaka 2015 uliowahusisha Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia ulikuta kwamba walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Ila walikaa malaloni kati ya saa 6.9 na 8.5, walipata usingizi kama saa tatu hivi baada ya jua kuzama, na kwa kawaida waliamka kabla halijachomoza. Kwa hiyo namba nane si amri, na anayetosheka na saa saba asijilaumu. Anayejinyima hadi tano kisha akalala mpaka mchana siku ya Jumapili, huyo hafuati desturi ya babu yeyote.

Pingamizi lenye uzito ni la mtu asiyemiliki muda wake. Mama lishe lazima awashe jiko kabla ya mapambazuko, mfanyakazi wa Mbagala, Dar es Salaam, au wa Rongai, karibu na Nairobi, anakula foleni asubuhi na jioni, na mlinzi analala wakati majirani wanafungulia redio. Kumwambia huyu ajipange tu ni kumwonea. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka kazi ya zamu za usiku miongoni mwa mambo ambayo huenda yakasababisha saratani, mwaka 2007, na likarudia msimamo huo 2019. Mwajiri anayetangaza zamu za wiki ijayo jioni ya Jumapili anawaharibia watu afya, na kuitangaza ratiba mapema hakuongezi gharama ya mishahara. Nyumbani nako, mama akiosha vyombo saa tano usiku wakati wengine wamelala, shida si mpangilio wake bali ni mgawo wa kazi.

Hata hivyo, karibu kila mtu ana kipande cha siku kilicho chake, na hapo tabia njema hushika vizuri zikifungwa kwenye jambo ambalo tayari lipo. Anayeswali alfajiri anaweza kutoka kutembea mara tu baada ya swala. Anayepanda daladala anaweza kushuka kituo kimoja kabla ya kile chake. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni, kwa siku tano, zinatimiza dakika 150 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima, na zile za asubuhi zinampa mwanga anaouhitaji. Kahawa ya barazani ihamie alasiri mapema, maana kwa watu wengi nusu ya kafeini huwa ingali mwilini baada ya saa tano hivi. Kazi nazo zipunguzwe kwenye orodha. Wanafunzi wa Kanada waliokadiria kumaliza tasnifu zao kwa takriban siku 34 walitumia zaidi ya 55, na hakuna sababu ya kudhani sisi tunakadiria vizuri kuliko wao. Na subira inahitajika: Phillippa Lally na wenzake wa jijini London walikuta kwamba tabia mpya ilichukua siku 66 kwa kadiri ya kati, wengine 18, wengine walikadiriwa kufika 254. Kuikosa siku moja hakukuharibu kitu, kwa hiyo aliyekesha msibani Jumanne arudi kwenye saa yake Jumatano bila kuhesabu kwamba ameanza upya.