Ulaya Ikipiga Kura, Bule Tunasikiliza

Tarehe 13 Februari 2025, Bunge la Ulaya lilipigia kura azimio kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo. Wabunge 443 walikubali, 4 wakakataa, 48 hawakuegemea upande wowote. Walitaka Umoja wa Ulaya usimamishe makubaliano ya madini uliyotia saini mwaka 2024 na Rwanda, inayoshutumiwa kuwasaidia waasi wa M23 katika vita hivyo. Hapa Bule, wilayani Djugu, vijana kwenye kibanda cha kuchajia simu walishangilia kana kwamba mambo yamekwisha. Yalikuwa bado kabisa, na podikasti ndizo zilizotufahamisha kwa nini.

Podikasti ni kipindi cha sauti unachokipakua kwenye simu na kukisikiliza saa uipendayo. Taarifa ya redio ikisomwa nawe uko shambani, imekupita. Podikasti inakungoja jioni. DW Kiswahili ya Bonn ina Meza ya Duara, RFI Kiswahili ina Wimbi la Siasa, na anayejua Kifaransa hakosi vya kuongezea. Kwetu mtandao unashika na kukatika, tena mega ni ghali. Kwa hiyo ndugu akishuka Bunia, mji mkuu wa mkoa wetu wa Ituri, anajaza vipindi vya wiki nzima kwenye kadi memori, na akirudi tunahamishiana simu kwa simu bila kutoa hata franka moja.

Mimi nafundisha historia. Wanafunzi wangu nimewazoesha kusikiliza wakiwa na maswali matatu: nani ameamua, ana uwezo gani, na nani anaweza kumzuia?

Tuliyaweka maswali hayo mbele ya ile kura ya Februari. Bunge la Ulaya lina viti 720, lakini katika mambo ya nje azimio lake ni shinikizo tu. Vikwazo huamuliwa na nchi wanachama 27 kupitia mawaziri wao, na lazima wote wakubaliane. Mwishoni mwa Februari, Luxembourg, nchi ndogo kuliko wilaya yetu, ilitaka kwanza kusubiri, na vikwazo vikakwama. Vilipita tarehe 17 Machi, vikawagusa watu 9, wakiwemo viongozi wa M23 na makamanda wa jeshi la Rwanda, pamoja na kiwanda cha kusafishia dhahabu cha Gasabo, Kigali. Siku hiyohiyo Rwanda ikavunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji. Ituri ni mkoa wa dhahabu. Mchimbaji wa Mongbwalu, humu humu Djugu, ana kila sababu ya kujua Ulaya imemfungia nani mlango.

Wazee wetu waliwahi kulipia kutojua mambo haya. Mwaka 2003 Bunia ilipokuwa ikiungua kwa vita, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1484, na kuanzia Juni hadi mwanzo wa Septemba jeshi la Ulaya, likiongozwa na Ufaransa, likalinda mji huo. Iliitwa Operesheni Artemis. Lakini amri ya wanajeshi wale iliishia Bunia: uwanja wa ndege, kambi za waliokimbia, na mji wenyewe. Vijiji vya Djugu viliendelea kushambuliwa. Watu waliwasubiri askari ambao karatasi iliyowaleta haikuwaruhusu kufika. Mpaka ule ulichorwa mezani, na wanasiasa, na waliokaa nje ya mstari hawakuwa na wa kuwaeleza.

Leo meza hizo bado zinaamua. Februari 2025 waziri mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alitangaza kwamba msaada wa nje utashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, fedha ziende kwenye ulinzi. Jirani na Bule iko kambi ya waliokimbia vita ya Plaine Savo, ambako watu wapatao 60 waliuawa usiku wa kuamkia 2 Februari 2022. Mama anayepanga foleni ya unga katika kambi kama ile anastahili kujua kwa nini gunia limepungua, na kwamba aliyelipunguza si karani aliye mbele yake.

Nawaomba wasikilizaji wasitegemee sauti moja. DW inalipiwa na dola ya Ujerumani, RFI na ya Ufaransa. Jambo moja lisikilize kwa wote wawili, utaona kila mmoja anakazia wapi na anapita wapi haraka.

Na redio zetu za jamii zinaweza kubeba kazi kubwa zaidi. Zichague kipindi kimoja kila wiki, ziombe ruhusa ya kukirusha, kisha ziwaite mkulima, mchimbaji na mkimbizi wakijadili kwa lugha za hapa. Mbunge wetu akija kuomba kura, akute watu wanaomuuliza amesema nini kuhusu mikataba ya madini yetu, na amemwambia nani.