Je, Mtoto wa Mkulima Aweza Kuwa Rubani?

Mzee mmoja wa Matombo alifika kwetu Msamvu na mpwa wake, msichana aliyemaliza kidato cha nne. Alikutana stendi na mtu aliyemwahidi kwamba binti atakuwa rubani kwa miezi sita, mradi alipe fedha taslimu. "Mwalimu," akatuuliza, "nikiuza shamba la karafuu, huyu mpwa wangu ataendesha ndege?"

Tulimwambia: Mzee, usiuze kwanza. Keti tuelezane. Na nyinyi wasomaji sikilizeni, maana swali hili si la mzee huyu peke yake.

Jambo la kwanza ni masomo. Vyuo vingi vya urubani hutaka kijana aliyefaulu hesabu, fizikia na Kiingereza katika kidato cha nne au cha sita. Kwa nini hesabu? Tuseme ndege inakwenda kilomita 200 kwa saa, na safari ni kilomita 300. Itatumia saa moja na nusu. Lakini upepo ukiwa unaipinga kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo unabaki 150, na safari inakuwa saa mbili. Rubani aliyeweka mafuta ya saa moja na nusu tu ataishiwa akiwa angani, na huko hakuna pa kuegesha!

Kiingereza nacho ni lazima, maana ndicho kinachotumika redioni kati ya marubani na waongozaji wa ndege wa nchi mbalimbali. Rubani wa safari za kimataifa hupimwa kwa ngazi sita, na hapaswi kuwa chini ya ngazi ya nne.

Jambo la pili ni afya. Daktari aliyeidhinishwa hupima macho, masikio, moyo na mengineyo. Kuvaa miwani si kosa, iwapo kwa miwani hiyo anaona sawasawa. Basi kijana apimwe kabla ya kulipa karo. Akikutwa na tatizo baadaye, fedha itakuwa imekwenda bure.

Jambo la tatu ni leseni, nazo hupandwa kama ngazi. Kila saa anayoruka mwanafunzi huandikwa katika kitabu chake.

Leseni ya rubani binafsi hutaka umri wa miaka 17 na saa 40 angani. Mwenye leseni hii haruhusiwi kulipwa kwa kurusha ndege.

Leseni ya rubani wa biashara hutaka miaka 18 na saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Hapo ndipo anaweza kuajiriwa, pengine kupeleka watalii mbugani kwa ndege ndogo.

Leseni ya juu hutaka miaka 21 na saa 1,500. Hiyo ndiyo ya rubani mkuu wa ndege kubwa za abiria.

Sasa jiulize: saa 200 tu, mbali na masomo ya darasani na mitihani, zitaisha kwa miezi sita kwa maneno ya stendi? Si mchezo!

Gharama ni kubwa, makumi ya mamilioni ya shilingi na kuzidi. Kwa hiyo usimpe mtu hata senti kabla ya kuuliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, iliyopo Dar es Salaam. Ndiyo inayotoa leseni, na ndiyo itakayokwambia kama chuo kinatambuliwa. Nje ya nchi kipo chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, na kipo cha Addis Ababa.

Je, wasichana wanaweza? Wanaweza sana. Mwaka 2014 Irene Koki Mutungi wa Kenya alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa rubani mkuu wa Boeing 787.

Mzee yule alirudi Matombo, na shamba la ukoo bado lipo. Mpwa wake alipata alama mbaya ya hesabu, hivyo anajiandaa kurudia mtihani. Ngazi yake inaanzia hapo. Wewe mzazi uliyehitimu kisomo, kaa na mwanao jioni, mwambie afungue daftari la hesabu, umwone anavyofanya.